Figo Yangu Ilikwenda Dodoma, Ikarudi Litapunga

Nyie wenzangu wa barazani, mnaoshona na mimi pale Makanyagio, mmenivumilia sana. Tangu nirudi mnaniuliza kwa macho tu. Mama Ester ndiye peke yake aliyefungua mdomo, akasema, “Mbuke, tuambie wewe mwenyewe, tumechoka kusikia kwa wapita njia.” Nikijaribu kusimulia naishia kulia na nguo za watu zinaloa. Kwa hiyo nimeandika. Msome kwa zamu, na atakayemaliza ampe mwenzake. Habari za fomu, barua na mihuri naziruka, maana zilituchosha lakini hazikumuua mtu.

Humu ndani nimevunja ahadi niliyompa kaka yangu. Akisikia, na asikie.

Litapunga hadi stesheni ya Mpanda

Maduhu mnamfahamu. Ni mdogo wangu wa mwisho, yule bodaboda aliyekuwa anaegesha pikipiki mbele ya baraza letu na kuwaita nyie wote mashemeji bila ruhusa ya mtu. Mwaka jana alianza kuvimba miguu, ukafuata uso, mwisho tukaambiwa figo zake zote mbili zimekufa. Akawa mtu wa mashine ya kusafisha damu. Daktari alisema mashine inamshikilia tu, na kwamba nafuu ya kweli ni ndugu yake mmoja ampe figo.

Tukaitana nyumbani Litapunga. Kaka Jilala, mkubwa wetu, ndiye aliyeshika boma tangu baba afariki. Alisimama mbele ya mama, mjomba Ngassa na wazee wengine akasema, “Nitatoa mimi.” Nisiwe mchoyo wa sifa, siku ile nilimwonea fahari. Tulichinja mbuzi. Mama, ambaye macho yake sasa yanaona kivuli tu, alimshika Jilala kichwa, akamtemea mate ya baraka kifuani, akamwambia, “Nenda baba, urudi na mwenzako.” Aliponifikia mimi akasema, “Na wewe kawapikie vizuri.”

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu katika safari hii. Nilibeba sufuria mbili, mwiko, unga, dagaa, na cherehani ya mkono, nikidhani nitapata vishono vya hapa na pale kule tuendako.

Tulichagua treni kwa sababu Maduhu hakuweza kukaa kwenye basi muda mrefu, miguu ilikuwa inajaa. Alikuwa amesafishwa damu jana yake. Daktari alitupa onyo moja, kwamba siku tatu zisipite kabla hajafika kwenye mashine nyingine. Tukahesabu, tukaona nafasi tunayo. Kaka Jilala alipanda behewa na fimbo yake ya kuchungia. Nilimwuliza anakwenda kuchunga nini Dodoma, akaninunia mpaka Katumba.

Treni ilipokaa

Katumba alipanda mama mmoja wa makamo, mkulima, jina lake Anjelina. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, yeye alizaliwa hapa hapa. Alikuwa na mikungu miwili ya ndizi mbivu na maneno mengi. Tukazoeana.

Asubuhi ya pili treni ilisimama porini, mbele kidogo ya mto Ugalla. Mvua ilikuwa imepitisha maji juu ya reli. Wakasema saa mbili, baadaye wakasema mchana, mwishowe hawakusema tena. Watu walishuka, wakawasha moto kando ya reli, wakachoma mihogo. Walitokea wanawake kutoka kijiji ambacho mpaka leo sijui kiko wapi, wakauza viazi vya kuchemsha na asali kwenye chupa za maji. Kaka Jilala alikula kwa wawili. Kila aliyemsikiliza alimweleza kwamba anakwenda kutoa figo, na watu wakamwongezea viazi.

Maduhu alikuwa amelala kwenye kitanda cha chini. Maji yake ya kutwa yalikuwa kikombe kimoja na nusu, nayapima mimi kwa kifuniko. Midomo ilikuwa imempasuka. Nilitoka kidogo kwenda kuosha sufuria, niliporudi nikamkuta mama Anjelina amempa ndizi mbili, moja imeshamenywa na iko mdomoni. Nyie hamjui ndizi inafanya nini kwa mtu ambaye figo hazifanyi kazi. Inaweza kuusimamisha moyo. Niliruka, nikamtoa ndizi mdomoni kwa vidole, nikaitupa dirishani na ile nyingine nikaitupa.

Yule mama alichungulia dirishani ndizi zake zilikoangukia. Halafu akasema, “Kumbe. Nyie Wasukuma bado mnatuona wakimbizi. Ndizi ya Mrundi ni sumu?”

“Mama, siyo hivyo.”

“Mimi nina kitambulisho kama wewe. Nimezaa watoto sita katika nchi hii.”

Behewa zima likanitazama. Nilimweleza, nikamwonyesha ule mrija wa plastiki uliopenyezwa shingoni mwa Maduhu kwa ajili ya mashine. Aliushika mkono wa Maduhu kwa woga, akaanza kumlilia kama mwanawe. Tangu hapo hakunywa tena maji mbele yake. Nilimwona anatoka na chupa yake kwenda mlangoni, anakunywa akiwa ametupa mgongo, anarudi anapangusa mdomo. Kati ya watu wote wa safari hii, yule ndiye ninayemkumbuka kwa wema.

Tulikaa pale siku nzima, na kesho yake mpaka jua la mchana. Maduhu akaanza kuhema kama amekimbia. “Sista,” aliniambia, “nikizima hapa porini, pikipiki mpe Pili.” Pili ni binti yangu wa pili, ana miaka tisa. Nilimwambia Pili hafiki hata kwenye pedali, kwa hiyo asubiri. Alicheka na kucheka kukamkata pumzi.

Tabora, Manyoni, Dodoma

Tulifika Tabora siku ya tatu ikiwa imebaki mkiani. Walimpokea hospitalini pale, wakamweka kwenye mashine kwa muda wa saa nne, na nilipomwona uso umepungua nilikaa chini ya ukuta nikasinzia na sufuria kichwani.

Basi la kwenda Dodoma lilipita Itigi na Manyoni. Kondakta alitaka fimbo ya kaka iwekwe buti, kaka akakataa, wakagombana mpaka abiria wakaingilia. Mwisho fimbo ilisafiri imelala chini ya miguu yetu watatu. Manyoni nilinunua kuku wa kukaanga, nikamchambulia Maduhu vipande visivyo na chumvi, na kwa mara ya kwanza tangu Mpanda alikula akamaliza.

Hospitali yenyewe siitaji jina. Walitutendea vizuri na sina neno baya nao. Nilikodi chumba karibu, nikawa napika nje kwa jiko la mkaa na wanawake wengine waliokuja kuuguza. Kila siku kaka Jilala alikwenda kutolewa damu na kupigwa picha za tumbo. Siku kumi zilipita.

Siku ya kumi na moja tuliitwa mimi na yeye kwa daktari, mwanamke mfupi, mpole wa sauti. Alisema damu ya kaka inalingana na ya Maduhu, lakini ina virusi vya homa ya ini. Figo yake haiwezi kutolewa. Akamwuliza kama amewahi kuchangia wembe na watu.

Kaka alitazama fimbo yake. Mimi ndiye nilijibu. Baba alipofariki aliletwa mganga kulikinga boma, na watoto wa kiume wote wakubwa walichanjwa kifuani na mgongoni kwa wembe mmoja, wakiwa wamepangwa mstari. Sisi wasichana tulikuwa jikoni. Maduhu alikuwa bado ananyonya, alikuwa mgongoni kwangu. Daktari akasema haiwezekani kuthibitisha, lakini inawezekana kabisa ilitokea hapo. Akashauri wake zake na watoto wapimwe, na kaka zetu wale wengine wote wapimwe.

Halafu akauliza, “Kuna ndugu mwingine?”

Hakuna aliyenitaja. Kaka Jilala aligeuza shingo polepole akanitazama, ndiyo hivyo tu. Sitawadanganya kwamba moyo wangu uliruka kwa upendo. Nilikasirika. Nilikuja kupika.

Usiku haukunipa jibu wala asubuhi. Jibu nililipata kwa mzee mmoja wa Kondoa tuliyekuwa tunakaa naye kwenye benchi la kliniki. Yeye alimpa kaka yake figo miaka mingi iliyopita, nje ya nchi, wakati wa upasuaji wa zamani. Nilimwuliza inauma kiasi gani. Akanyanyua shati. Kovu lilitoka karibu na uti wa mgongo likazunguka ubavu mpaka mbele ya tumbo, limenenepa na kung'aa. Alisema alikaa miezi bila kunyanyua hata ndoo. “Lakini nyumbani,” akasema, “nikinyanyua shati hili tu, ubishi wote unakwisha.” Nilicheka naye, na kwa kumwona amezeeka salama na figo moja nikaamua na mimi nitatoa. Sikujua nacheka nini.

Daktari alipoona naangalia sana ubavu wangu, alichukua karatasi akanichorea. Siku hizi hawafungui ubavu. Wanatoboa tundu tatu ndogo, wanajaza tumbo hewa ili lipate nafasi, wanaingiza kamera kwenye tundu moja na vyuma vyembamba kwenye nyingine, na wanafanya kazi wakiangalia kwenye runinga. Nikamwuliza kama fundi kwa fundi, hiyo figo itapitaje kwenye tundu la kifungo? Alitabasamu. Alisema wataipitisha chini, pale nilipopasuliwa kumzaa Pili. Watafungua kovu lile lile na kulishona tena, sitapata jipya. Nilivutiwa, nasema kweli. Na mimi nikiletewa gauni la kupunguza napita kwenye mshono wa zamani.

Walinihoji peke yangu, mlango umefungwa. Kuna aliyekutisha? Kuna aliyekuahidi kitu? Unajua unaweza kukataa hata ukiwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji? Nilisema najua. Nikapimwa, nikafaa.

Maduhu ndiye aliyekataa. “Dada una watoto. Bora nibaki na mashine.”

“Nilikubeba mgongoni miaka miwili ukanikojolea,” nikamwambia. “Sasa unaona aibu ya nini?”

Aligeukia ukutani. Baadaye akatoa mkono chini ya shuka akanishika kidole.

Kaka Jilala akasema lazima awahi mahindi. Tulikuwa tumesimama nje ya geti. “Nyumbani nitasema damu haikulingana,” alisema. “Ugonjwa huu wakiusikia watasema ni ule mwingine. Na wewe usitangaze kwamba umetoa, wataniuliza kwa nini wewe na siyo mimi. Nitasema umebaki kumuuguza. Niahidi, Mbuke.”

“Na wake zako?”

“Nitajua mwenyewe.”

Nilimwahidi. Niliona ni kitu cha muda tu. Maduhu akipona atarudi Litapunga kwa miguu yake, atamwambia mama mwenyewe, na hapo hakuna atakayeuliza habari za virusi.

Wodini

Nilizinduka naumwa bega. Tumbo lilikuwa na maumivu ya kuvumilika, lakini bega la kulia lilikuwa kama limepigwa nyundo. Muuguzi akasema ni ile hewa waliyojaza, inapanda juu, itaisha. Siku ya pili nilikwenda chooni mwenyewe. Siku ya nne niliruhusiwa. Nilijitazama kwenye kioo cha bafu. Vipande vitatu vidogo vya plasta, na chini mshono wa Pili umefunguliwa na kufungwa upya, nyuzi zimefichwa kwa ndani, umenyooka kuliko mshono wangu wowote. Niliona wivu wa kifundi.

Maduhu yeye alipasuliwa kweli kweli. Anayepokea hapati tundu ndogo, figo inahitaji mlango wa kuingilia na kuunganishwa na mishipa. Mkato wake ulianzia juu ya nyonga ukashuka umepinda mpaka karibu na kinena. Lakini alikuwa anatabasamu. Kando ya kitanda kulikuwa na mfuko wa plastiki, na ulikuwa unajaa mkojo. Mtu ambaye kwa miezi alikuwa hatoi hata tone.

“Dada, nakojoa kama ng'ombe,” alisema. Wagonjwa wengine wakacheka.

Muuguzi akampa glasi ya maji, akamwambia anywe yote. Maduhu aliishika kwa mikono miwili. Akanywa, akasimama kidogo, akanywa, na machozi yakawa yanadondokea humo humo ndani ya glasi. Aliomba nyingine. Mimi nilitoka nikaenda kulia kwenye ngazi, kwa furaha, na ndiyo mara ya mwisho.

Tulikaa kwenye chumba chetu cha kupanga wiki saba, tukienda kliniki na kurudi. Nilipika, nilichemsha maji, nilifua shuka zake kwa maji ya moto. Cherehani ilinipa vishono vichache. Alinenepa mashavu kwa dawa. Dawa hizo zinauzuia mwili usiikatae figo ya mtu mwingine, lakini zinauacha mwili bila ulinzi, hilo walituambia tangu mwanzo na tulilifuata. Hakwenda sokoni, hakwenda kanisani, alivaa barakoa mpaka mtaani wakamwita daktari.

Jioni moja alisema, “Nikifika nyumbani namkalisha mama chini. Namwambia mbele ya kaka, mbele ya mjomba, wote. Hii niliyonayo humu ni ya Mbuke.” Alijigonga hapo chini ya tumbo. “Siri zenu za kipuuzi.”

Wiki ya nane alianza homa. Tulikuwa hospitalini ndani ya saa moja. Ilikuwa mapafu. Figo yangu ilifanya kazi mpaka mwisho, daktari aliniambia hivyo akidhani itanifariji, na sijui kama ilinifariji. Walihangaika naye siku sita. Siku ya saba asubuhi, nikiwa nimeshika uji, yule daktari mfupi alitoka, akavua kofia yake ya kitambaa, nikajua.

Kurudi na jeneza

Sitasema mengi kuhusu barabara. Gari lilikuwa la wazi nyuma, limefunikwa turubai, na mimi nilikaa mbele na dereva, mtu wa Singida aliyeniita shangazi ingawa nadhani ananizidi umri. Itigi tulipata pancha. Sikonge mvua ikatusimamisha, dereva akaniletea wali na maharage, nikashindwa, akala zote mbili kwa aibu huku akisema chakula hakitupwi. Inyonga watu waliokuwa sokoni walivua kofia tulipopita. Niliwaza jambo moja njia nzima, kwamba mama atataka kumshika uso na nitamwambia nini.

Tulipofika Litapunga niliruka kutoka kwenye gari mwenyewe. Watu waliniona nikiruka. Nikapokea ndoo ya maji kwa binamu yangu, nikaibeba mpaka jikoni, kwa sababu ndivyo mikono yangu ilivyozoea msibani. Kwa jinsi nilivyoshonwa niliweza. Hilo nalo walilihifadhi.

Boma letu

Kwetu mjomba lazima amwone maiti kabla ya kuzikwa, na wanaume wa ukoo humvisha upya kwa shuka la nyumbani. Waliingia wanne. Walikaa humo muda mrefu kuliko kawaida. Mjomba Ngassa alipotoka hakuwaita wazee pembeni. Alisimama katikati ya boma akasema kwa sauti, “Huyu kijana amepasuliwa.”

Nikasogea. “Ndiyo, mjomba. Hapo ndipo walipoweka figo.”

“Figo ya nani? Jilala aliturudia mzima, akasema damu haikulingana.”

Nilimtafuta kaka kwa macho. Alikuwa upande wa kaburi na vijana, ameshika koleo.

“Yangu,” nikasema. “Nilitoa mimi.”

Shangazi zangu walinichukua ndani, wakafunga mlango, wakanivua. Sikugoma. Mkubwa wao alinipapasa tumbo, ubavu na mgongo. Akauliza wenzake, “Nyie mnaona nini?” Kovu la chini wote walikuwa wanalijua, ndio walioniogesha nilipomzaa Pili. Kwingine kulikuwa na vialama vitatu, kila kimoja kidogo kuliko ukucha.

Walipotoka, shangazi alisema mbele ya watu, “Ana vidoti kama vya tetekuwanga. Hakuna mtu aliyepasuliwa hapa.”

“Nina karatasi,” nikasema. Nilikimbilia mkoba, nikaleta karatasi ya hospitali. Mwalimu mmoja akaipokea, akaisoma, akasema, “Mzee, imeandikwa kweli kwamba yeye ndiye...”

“Hata ng'ombe wa wizi anakuwa na karatasi,” mjomba akamkata. Hakuwa na hasira. Alikuwa anafikiri, na alifikiri kwa sauti ili wote waende naye. “Nyie angalieni. Walikwenda watatu. Mmoja amerudi zamani, mzima. Mmoja ana mkato wa kuingiza mkono, amekufa. Mmoja anaruka kwenye gari na kubeba ndoo. Ukiona ng'ombe wawili, mmoja ana jeraha na mwingine hana, nyama imetoka kwa yupi?”

Lilikuwa swali ambalo mtoto mdogo angelijibu. Hata mimi, kwa sekunde moja, niliona jinsi linavyoonekana.

“Kaka Jilala!” nikaita. “Waambie!”

Alikuja mpaka nusu ya boma. Udongo ulikuwa umemfika magotini. Wake zake wawili walikuwa wamekaa na kinamama wengine, mdogo ana mimba kubwa. Aliwatazama wao, akanitazama mimi.

“Mimi niliondoka mapema,” alisema. “Yaliyofanyika nyuma sikuyaona.”

Ilikuwa kweli, kila neno. Akarudi kaburini.

Basi nikasema habari yake yote pale pale, virusi na wembe na ahadi ya getini. Nilisema kwa kupiga kelele. Wakaona ni mtu aliyebanwa anajaribu kumwaga matope kwa mwingine. Shangazi akaniambia nisimtukanie marehemu baba msiba wake. Yule mke mdogo aliinuka akaingia ndani.

Ndipo mama akaomba aletwe. Walimshika mikono wakamkalisha karibu na jeneza, na mimi nikapiga magoti mbele yake. Alinishika mashavu. Mikono yake ilikuwa na harufu ya maziwa. Nilijua atauliza kama ni kweli, na nilikuwa nimejiandaa kumwapia kwa watoto wangu.

Hakuuliza. Alisema kwa upole kabisa, kama anavyoniomba nimletee kigoda, “Mbuke mwanangu. Sikusemi. Mrudishie tu mdogo wako kitu chake, asizikwe pungufu.”

“Mayu,” nikamwambia, “hakutolewa kitu. Zake mbili waliziacha pale pale, yangu wakaiongeza. Anazikwa na figo tatu.”

Alitikisa kichwa. Alinipapasa mashavu tena, akaachia.

Walimshusha jua likiwa bado juu. Nilisimama nyuma ya watu, hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyesimama karibu yangu. Kesho yake nilipanda bodaboda nikarudi Makanyagio kwa wanangu, na siku iliyofuata mliniona nimekaa kwenye cherehani.

Sasa mmeijua. Mkiulizwa mjini, jibuni mtakavyo, sitawapangia. Wake wa kaka nimewatumia ujumbe wakapimwe, hawajanijibu. Kwa mama nimekwenda mara mbili, mara zote naambiwa amelala. Daktari alisema vidonda vyangu vimepona vizuri sana, ndio uzuri wa upasuaji wa siku hizi. Jana nikioga nilivitafuta kwa kidole. Viwili nilivipata. Cha tatu nilikitafuta mpaka maji yakapoa, sikukipata.